Asali Aliyoikata Wanjira

Ukiuliza pale Runyenjes Ireri alifanya kazi gani maisha yake yote, watu watacheka kwanza ndipo wakujibu. "Huyo? Alikuwa akinunulia wadudu ndizi!" Na si uongo. Miaka nenda miaka rudi Ireri aliajiriwa na kituo kimoja cha utafiti upande wa Embu, na kazi yake ilikuwa kuponda ndizi zilizoiva kupita kiasi, kuziacha zichachuke mpaka zinuke pombe, kuzitia ndani ya chupa za plastiki zilizotobolewa matundu, na kuzitundika mitini. Kesho yake anarudi kuona nani ameingia. Ni kazi ya ajabu, nakubali, lakini watu wamesomesha watoto kwa kazi za ajabu kuliko hiyo.

Walioingia walikuwa mbawakawa wadogo, weusi au wa kahawia, wengi hawafiki hata punje ya mchele. Wataalamu wa kituo waliwaita mbawakawa wa utomvu. Popote mti umejeruhiwa ukavuja, popote embe limeanguka likapasuka, hao wako hapo wanakunywa. Wana jamaa zao wanaoishi ndani ya maua na kula chavua, wengine wamo kwenye uyoga, wengine kwenye mahindi makavu ghalani. Utawajuaje kuwa ni ukoo mmoja? Ireri angekufundisha utake usitake. Tazama kipapasio, angesema. Mwisho wake kuna kirungu kidogo cha pingili tatu. Anza hapo. Usiwaulize wanakula nini, maana chakula mtu hubadilisha. Waulize wamerithi nini.

Ndizi hizo ndizo zilizompa mke. Wanjira alikuwa msichana anayeuza matunda sokoni, na kila Jumatatu kijana mmoja mrefu wa kituoni alikuja, akaziruka ndizi nzuri zote, akaomba zile zilizooza. Siku moja uvumilivu ulimwisha.

"Kaka, kwani unafuga nguruwe?"

"Hapana. Ni za wadudu."

"Ai! Wadudu wako wanakula vizuri kuliko sisi. Na wao wanakupa nini?"

"Wananiambia wanakotoka," Ireri akasema, na uso wake haukuwa na mzaha wowote.

Wanjira alicheka mpaka akakaa chini juu ya gunia. Mwaka uliofuata alikuwa mke wake, na kicheko hicho akahamia nacho nyumbani.

Lakini Ireri alikuwa amesema kweli tupu. Chupa zake zilianzia ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, zikashuka kwenye chai, zikapita kahawa, zikafika kule chini Mbeere kwenye migunga, na wakati mwingine zikavuka mpaka Mikinduri katikati ya miraa. Kila mahali palikuwa na wenyeji wake. Wa msituni hukuwakuta Mbeere, wa maua ya migunga hukuwakuta juu kwenye baridi, na halafu kulikuwa na wale wa kila mahali, waliozunguka dunia ndani ya magunia ya nafaka na matunda makavu bila mtu kujua amewabeba. Ireri aliwachoma pini mmoja mmoja, akawaandikia mahali, akawapanga kwenye visanduku. Wakubwa wa kituo walibadilika, yeye akabaki, mpaka siku ya kustaafu walipompa blanketi na saa ya ukutani.

Wanjira naye alikuwa na wadudu wake. Kikundi cha akina mama wa kanisa kilijifunza kufuga nyuki, na wakati wengine waliacha baada ya kuumwa mara moja, yeye aliendelea. Alikuwa na mizinga mitatu ya kisasa chini ya miparachichi, nyuma ya nyumba. Alipofungua wa kwanza akaona vijidudu vyeusi vikikimbia kutoka kwenye mwanga, alimwita mumewe. Ireri akashika kimoja, akakitazama, akatabasamu. Ni wa ukoo uleule. Wengine wa ukoo huo walichagua maua, wengine matunda, na huyu akachagua nyumba ya nyuki.

"Yaani jamaa zako wamekufuata mpaka kwangu!" Wanjira akasema. "Hata mahari hamjamaliza kulipa, na mmeshaanza kula!"

Hiyo ndiyo nyumba iliyokuwa. Sasa sikiliza ilivyovunjika.

Kijana wao Mwaniki, fundi wa umeme mjini Meru, alipata mchumba, Makandi, binti wa Mzee Muthamia wa Nkubu. Na Mmeru, wewe mpe mbuzi, mpe ng'ombe, mpe chochote, kama hujamletea asali bado hujazungumza naye. Ruracio ni mahari, na mahari bila asali ni maneno matupu. Hata wanaoenda kanisani kila Jumapili na kusoma masomo ya mbele hawachezi na jambo hilo. Wanjira alifurahi kama aliyepewa shamba. Asali ya mkwe wake itatoka kwenye mizinga yake mwenyewe, akasema, si ya kununua barabarani iliyochanganywa na sukari nguru.

Akaikata. Masega mazima, mazito, akayapanga ndani ya ndoo mbili nyeupe na kuzifunika. Alikuwa ameanza kuvimba miguu wakati huo, na alipumzika kila baada ya sega. Wiki hiyohiyo figo zikamlaza hospitalini. Ireri alikaa kando ya kitanda chake, Gladys mdogo wake mgonjwa akiwa miguuni, na maneno yake ya mwisho ya maana yalikuwa haya:

"Siku ya watoto isisogezwe kwa ajili yangu. Asali iko kwenye ndoo. Wewe ichuje tu, uitie kwenye mtungi. Nataka Muthamia aionje aseme, kweli huko kuna mama."

"Nitaichuja," Ireri akasema.

Akafa alfajiri, mvua ikinyesha. Wakamzika Ijumaa.

Ireri alihisi nini? Hakuhisi kitu. Watu hawapendi kusikia hivyo, wanataka mfiwa aanguke kaburini ashikwe na watu wanne. Yeye alisimama. Alishika mikono ya watu, akajibu salamu, akauliza kama wazee wamepata viti. Mchungaji akamwambia ajikaze, mwenyekiti wa ushirika wa kahawa akamwambia ajikaze, hata kijana wa boda boda aliyeleta soda akamwambia mzee jikaze. Ajikaze vipi tena? Alikuwa amejikaza mpaka ndani hakuna kilichotikisika.

Jioni ya mazishi, Gladys, mdogo wake marehemu, aliwakusanya wa nyumbani. Gladys ni mwanamke wa sauti, mwenye duka la nguo za mitumba, na akisema jambo linakuwa sheria. "Vitu vya dada yangu mtu asiviguse," alisema. "Visifunguliwe mpaka sisi dada zake turudi tuvigawe ilivyo desturi."

Ireri akaitikia kwa kichwa. Stoo ilikuwa na ndoo mbili za Wanjira, na ndoo ni vitu vya Wanjira. Akafunga mlango wa stoo, akatia ufunguo mfukoni, na huo ukawa mwisho wa kuchuja.

Nakwambia, yeye ndiye mtu wa mwisho katika kaunti nzima ambaye angeweza kusema hakujua. Sega likitolewa kwenye mzinga bila nyuki wa kulilinda, wale vijidudu wanaojificha ndani yake hutaga. Mayai huwa mabuu, mabuu hula asali, chavua na kila kitu, na asali inachachuka inakuwa ute. Alikuwa ameyaona hayo mara ngapi mezani kwake? Alifahamu hata harufu yake, harufu ya machungwa yaliyooza. Harufu hiyo ilianza kutoka chini ya mlango wa stoo siku chache tu baada ya matanga. Aliinusa akienda kukamua ng'ombe. Aliinusa akirudi. Akasema moyoni, ndio hao, kama mtu anayetaja jina la jirani aliyepita barabarani, akaingia ndani akaketi.

Alikuwa akiketi sana siku hizo. Alizima redio kwa sababu ilikuwa ikisema, akaiwasha kwa sababu ilikuwa imenyamaza. Mwaniki akipiga simu kutoka Meru alimwuliza, "Baba, mambo ya Nkubu yako sawa? Ile asali ya mathe?" Naye akajibu, "Iko." Hakuwa akidanganya kwa nia ya kudanganya. Ilikuwa iko.

Mwezi wa pili baada ya mazishi, siku mbili kabla ya safari ya Nkubu, Gladys alikuja kusaidia matayarisho. Alifika na leso mpya, kuku wawili na mtungi mzuri wenye mfuniko uliosukwa, wa kutilia asali.

"Shemeji, lete ile asali niione. Tutumie kichujio gani? Kitambaa au wavu?"

Ireri akatoa ufunguo. Gladys alifungua mlango wa stoo, akarudi nyuma akiziba pua, kisha akaingia akafunua ndoo ya kwanza.

"Ngai wakwa! Mungu wangu!"

Masega yalikuwa yameporomoka. Kilichobaki kilikuwa uji wa kahawia wenye povu, na juu yake mabuu weupe wembamba walikuwa wakijinyonganyonga. Wengine walikuwa wamekwisha kutambaa nje wakaingia ardhini kupitia sakafu ya udongo. Gladys akafunua ya pili. Ilikuwa hivyohivyo. Akaketi juu ya gunia la mahindi na kuanza kulia, na Ireri akainama juu ya ndoo, akatazama, na akaanza kuongea.

"Huu ni ukoo wa zamani sana," alisema, kwa sauti ileile aliyowaongoza nayo wageni kituoni. "Wameonekana ndani ya kaharabu, utomvu uliogeuka jiwe, tangu enzi za dinosauri. Inadhaniwa wazee wao walikula kuvu na vitu vinavyooza. Baadaye maua yakajaa duniani, wengine wakahamia kwenye maua. Wengine matunda. Kuna kikundi kinachokula wadudu-gamba kwenye miti, hao wasomi wamewabishania, mara wanawatoa ukooni, mara wanawarudisha."

"Shemeji," Gladys akasema.

"Huyu wa asali ni mwenyeji. Kwao ni Afrika, kusini ya Sahara. Kwa muda mrefu kwingine hakujulikana. Halafu akaonekana Amerika, akaonekana Australia, akafika Italia. Hakuna anayejua vizuri nani alimbeba. Huko nyuki hawakumzoea, akaangusha mizinga mingi. Hapa nyuki wetu wameishi naye tangu..."

"Baba Mwaniki! Nyamaza!"

Akainua kichwa kutoka kwenye ndoo. Gladys alikuwa amesimama, mashavu yamelowa, na ngumi ameziweka kiunoni.

"Dada yangu anaoza kwenye ndoo na wewe unanipeleka Italia? Niambie kitu kimoja. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofunga mlango."

"Na hukufungua!"

"Ulisema vitu vyake visifunguliwe."

"Nguo!" Gladys akapiga kelele. "Nilimaanisha nguo zake, na vyombo, na ile leso yake ya kanisa! Nani alitaja asali? Asali alikuachia wewe! Alikwambia mbele yangu, kwa mdomo wake, ichuje!"

Ireri aliyasikia hayo yote na yalikuwa kweli. Alingoja yamchome. Hayakumchoma. Alichota ute kwa kijiko cha mbao, akautazama ukidondoka, na jambo moja tu likamjia, polepole. Asingeichuja kamwe. Hata bila neno la Gladys angetafuta neno la mtu mwingine la kumzuia. Mradi masega yako kwenye ndoo, kazi ya Wanjira ilikuwa haijaisha, na mtu ambaye kazi yake haijaisha ametoka tu, atarudi aimalize. Alikuwa amewaacha wadudu waimalize. Alijua huo ni upumbavu, na kuujua hakukumsaidia.

Wakazika ute ule nyuma ya zizi, mbali na mizinga. Gladys akajifuta uso. Hasira yake huwaka kama nyasi kavu na kuzimika vivyo hivyo.

"Basi," alisema. "Kesho nitashuka sokoni nitafute asali nzuri. Tutaitia kwenye mtungi, na mdomo tuufunge. Muthamia atajuaje?"

"Alitaka iwe yake."

"Alitaka, shemeji. Sasa iko wapi?"

Ireri alitoka nje. Alienda akavaa koti la kufugia nyuki la mkewe, fupi kwake mikononi, akawasha mkebe wa moshi. Siku zote yeye alikuwa mtu wa kushika moshi tu. Aliyefungua alikuwa Wanjira, na alikuwa akiongea na nyuki muda wote, akiwaomba msamaha, akiwasengenyea watu wa kanisa. Ireri aliinua mfuniko kimya.

Nyuki walikuwepo. Hawakuwa wengi, ukame ulikuwa umewabana, lakini walikuwepo, na walikuwa kazini. Kwenye pembe ya mzinga, ndani ya ufa, mbawakawa kadhaa walikuwa wamefungiwa, nyuki wamezungushia mlango gundi wanayookota mitini, na walinzi wamesimama mbele. Ukikaa ukatazama utaona maajabu: mfungwa anampapasa mlinzi kwa vile virungu vyake mpaka mlinzi anadanganyika na kumlisha. Kwa hivyo anafungwa na hafi. Ireri aliutazama ufa huo kwa muda mrefu, moshi ukiisha mkononi, mpaka nyuki mmoja akamchoma shingoni, na hata hapo hakujikuna.

Mizinga miwili haikuwa na cha kutoa. Katika wa tatu alipata sega moja lililozibwa vizuri. Alikata nusu, akawaachia nyuki nusu, akaikamua asali kwa mikono yake ndani ya kitambaa safi. Ilijaza chupa ndogo ya jemu.

"Hiyo haitoshi hata kupaka mkate wa wakwe," Gladys akasema.

"Najua."

"Watatucheka."

"Wacheke."

Mwaniki aliambiwa asubuhi ya safari. Alisimama uani na suti yake mpya, akaitazama ile chupa, akamtazama baba yake. "Ungeniambia tu, Baba. Ningekuja tuichuje pamoja." Ireri akamnyoosha kijana kola.

Nyumbani kwa Mzee Muthamia walikuwa wametandika viti chini ya turubai. Mbuzi walipokewa, sukari na unga vikapokewa, akina mama wakaimba mpaka kuku wakakimbia. Gladys alikuwa amenunua asali yake ya sokoni hata hivyo na kuijaza kwenye mtungi wa mfuniko wa kusuka, kwa maana mwanamke huyo hamwachii mtu nafasi ya kumcheka. Mtungi ukawekwa mezani. Kando yake Ireri akaweka ile chupa ya jemu.

Akina mama wakaacha kuimba. Makandi, aliyekuwa amefunikwa leso kati ya dada zake, alifunua jicho moja akachungulia.

Mzee Muthamia alikuwa mtu mfupi, mpole, mwalimu mstaafu. Alisimama na fimbo yake. Kwenye mambo ya uthoni, yaani ukwe, ambako wakwe huitana muthoni, maswali huulizwa hata kama kila mtu anajua jibu, na kila jibu lazima litamkwe, maana lisilotamkwa halijatolewa.

"Muthoni wangu," alimwambia Ireri, "asali tumeiona, na tunaiona ni ya aina mbili. Tuambie. Imetoka kwenye mzinga wa nani, na imekatwa na mkono wa nani?"

Gladys alikuwa ameandaa jibu tayari. Alimkanyaga Ireri mguu kwa siri. Ireri akainuka, akaichukua ile chupa mezani, akaishika kwa mikono miwili.

"Ile kubwa ni ya sokoni," alisema. "Hii ni ya mzinga wa Wanjira. Aliyoikata yeye ilikuwa ndoo mbili, alitaka muionje. Niliiacha ikaliwa na wadudu. Nilijua itaharibika na nikaiacha. Hii nimeikata mimi, kwa sababu..." Akakwama hapo. Watu wote walikuwa wamejua kwa nini, tangu zamani. Alitazama chupa. "Kwa sababu mke wangu amekufa."

Hakuwa ameyatamka maneno hayo hata siku moja. Watu walikuwa wameyasema kwa niaba yake, kwenye simu, kanisani, kwenye matangazo ya mazishi, na yeye akaitikia.

Mzee Muthamia hakushtuka. Alimsogelea karibu.

"Twajua, muthoni," alisema taratibu. "Tulikuwa kaburini nawe. Nilikushika mkono, ukaniambia, 'Karibu chai.' Nikamwambia mama Makandi, huyu hajapata habari bado. Tumengoja utuambie."

Akafungua chupa ikiwa bado mikononi mwa Ireri, akachovya kidole, akaonja mbele ya watu wote.

"Kweli," akasema, "huko kulikuwa na mama."

Ndipo Ireri akalia, mbele ya wakwe, kwa sauti kubwa kama mtoto, na Mwaniki akaja upesi akaichukua ile chupa ili isianguke.